Bruzi Siyo Wundi

Juzi nilijigonga paja kwenye bodi ya lori langu pale Shelui, nikaenda zahanati. Daktari, kijana mdogo kuliko mwanangu wa mwisho, akaandika neno moja kwenye karatasi, nami nikalisoma kabla hajainua kalamu. Bruzi. Akanitazama. "Mzee, Kiingereza umesomea wapi?" Nikamwambia nimekisomea miguuni.

Hakuelewa, na wewe labda huelewi, basi kaa nikueleze. Shule nilikaa miaka mitatu tu, wakati wa Mwingereza, kule kwetu Unyaturu. Haikunizuia kununua malori mawili na mashine ya kusaga, na wapo wenye vyeti ambao leo wananiamkia shikamoo wakitafuta kazi. Lakini kwa maneno ya kuumia, hata hao madaktari wao hawanishindi. Mwalimu wetu hakuwa na vitabu vya kutosha, ila sisi tulikuwa na miguu. Kila asubuhi alitupanga mstari, akapita na kijiti akigusa: hapa mwiba umekwaruza, skrachi, hapa jembe limepasua, wundi, hapa umeanguka damu ikavilia, bruzi, na yote kwa jumla ni injari. Tuliitikia kwa sauti moja mpaka mbuzi wa jirani wakageuza shingo. Lilikuwepo na neno moja, hamu, ambalo kwao maana yake ni madhara, na hilo lilituchapisha viboko kwa kicheko. Mimi nilikuwa mtundu kuwapita wote, kwa hiyo miguu yangu ndiyo iliyokuwa ubao. Darasa zima lilisomea kwangu.

Nyumbani nilikaa na bibi, mama yake baba. Wakati wa mavuno hewa yote ilinuka uwele mpya, makapi yakiwasha shingoni, na mlenda ukichemka ndani. Siku moja tarishi wa mtemi alikuja na baiskeli kukagua kama tumepanda mihogo, maana serikali ilikuwa imeamuru kila kaya ipande. Badala ya kuzunguka, akaipitisha baiskeli katikati ya uwele wetu uliotandazwa uwanjani. Bibi alikuwa na fimbo ya kupuria mkononi. Aliiinua mara moja tu. Tarishi akaangukia huku, baiskeli ikaangukia kule.

Baada ya siku mbili tukaitwa barazani. Tarishi alikuwa amefungwa kitambaa cheupe kichwa kizima, na mkononi ana karatasi ya muuguzi wa Kizungu wa misheni. Mtemi hakujua Kiingereza, akampa karani wake. Karani, ambaye na tarishi walikuwa wanakula sahani moja, akasema imeandikwa jeraha. Mtemi akashusha pumzi. Mtu akimjeruhi mtumishi wa serikali, kesi haikuwa tena ya mtemi. Ilikwenda bomani Singida kwa Bwana DC, na waliokwenda huko kwa kesi kama hiyo walifungwa miezi mingi. Nikaitazama mikono ya bibi, imekauka, imetulia juu ya magoti, nikajua akienda harudi.

Yeye ndiye aliyenisukuma mbele. "Karatasi apewe mume wangu, yeye anasoma." Baraza zima likacheka, maana mume mwenyewe ndiye mimi, kaptula imetoboka nyuma.

Mtemi naye alicheka, akanipa. Mwandiko ulikuwa umelala kama nyasi zilizopigwa na mvua, lakini lile neno nililijua. Nikasema hii siyo wundi, ni bruzi. Karani akasema bruzi na wundi ni ndugu, baba mmoja mama mmoja, na watoto wasisumbue wakubwa. Nikapandisha mguu juu ya kigoda mbele ya mtemi. Kila kitu kilikuwepo pale.

"Wundi ni hii, ilitoka damu. Bruzi ni hii, damu imebaki ndani. Mtemi, naomba afunguliwe tuone ya kwake."

Tarishi akadai muuguzi amekataza. "Muuguzi yuko misheni," mtemi akasema. "Hapa nipo mimi." Kitambaa kikakunjuliwa, kikakunjuliwa tena, na mwisho ukatokea uvimbe kama kitunguu kidogo, bila hata mkwaruzo. Mzee mmoja akauliza kama ile nguo yote ilikuwa ya kufungia kitunguu. Basi shauri likaisha hapo hapo: bibi ampikie tarishi chungu kimoja cha pombe, na tarishi aje aupepete uwele aliouchafua.

Ndugu yangu, sijawahi kutembea mwepesi kama siku ile. Bibi alikuwa anacheka peke yake njia nzima, mpaka akajikwaa kwenye jiwe na ukucha wa dole gumba ukanyanyuka. Akakaa chini, bado anacheka. "Haya, mume wangu, na hii Mzungu anaiitaje?" Sikujua. Kiingereza changu kilikuwa kimekwisha. Ndipo akanitajia yeye, kwa Kinyaturu: dole lililojikwaa kwenye jiwe lina jina lake, lililojikwaa kwenye kisiki lina lingine, na lile linalopona halafu likauma tena wakati wa baridi lina la tatu. Akaendelea, akihesabu kwa vidole, kidonda kwa kidonda.

Maneno ya mwalimu ninayo yote mpaka leo. Ya bibi nimewauliza wa rika langu, nao wanakuna vichwa, na mwenyewe sina hata moja. Pale njiani sikuwa nasikiliza. Nilikuwa natazama huku na huku kama kuna watu wanaotuona tukirudi.