Dimbwi Jekundu la Bahi

Juzi binti yangu, anayesoma chuo hapa Dodoma, alinionesha chupa mbili za maji ya chumvi. Moja ilikuwa ya kijani, nyingine nyekundu.

“Mwani ulio humu, ule mdogo usioonekana kwa macho, ni uleule, mama,” aliniambia. “Huu mwekundu nimeuzidishia chumvi na kuupunguzia chakula, ndiyo maana umebadilika rangi.”

Nikakumbuka mchana mmoja wa utotoni kule Bahi, bibi yangu akikwangua udongo wa chumvi kando ya dimbwi. Hewa ilinuka magadi na moshi wa kuni, na kengele za ng'ombe zilisikika kwa mbali. Mara iliyotangulia nilipokwenda naye, dimbwi lilikuwa la kijani. Nilijikata kidole cha mguu siku ile, nikakiosha humo. Sasa jua lilikuwa limelikausha hadi likabaki kidogo, na maji yote yalikuwa mekundu. Nilijua ni damu yangu. Nikakaa chini, nikisubiri kufa.

“Mbona umekaa chini?” bibi aliuliza.

“Bibi, damu yangu yote imeishia humu.”

Hakucheka. Alichovya kidole majini, akanipaka ulimini. Maji yalikuwa makali ajabu; nikakunja uso, machozi yakanitoka.

“Damu yako ina chumvi hivi?”

“Hapana.”

“Basi bado unayo. Inuka, nishikie kibuyu.”

Binti yangu alikuwa bado anaeleza nilipofungua ile chupa nyekundu na kuchovya kidole.

“Mama, hiyo haionjwi!”

Alichelewa. Nilikuwa nimeshakunja uso.