Nilimfunga mtoto wa dada yangu kama gunia: wiki yangu na leso, Lindi hadi Kawangware

Wakuu, niaje.

Hii sikuhadithiwa na mtu, nilikuwa ndani yake. Kama kuna mtu wa mtaa wa Lindi humu atanikumbuka: yule jamaa mrefu aliyekuwa akizunguka na mtoto kwenye leso ya maua, ile kanga ya akina mama. Ndiye mimi.

Kidogo kunihusu. Niliacha shule darasa la saba, na tangu hapo sijakaa mahali. Nimesukuma mkokoteni Kawangware, nimechanganya simiti Athi River, nimeosha magari Naivasha. Nikichoka nabeba begi naenda. Shida yangu nyingine ni maswali. Kitu nisichokielewa hunikosesha raha.

Sasa, dada yangu Nafula anakaa huko mtaani Lindi na binti yake wa miezi mitano, Nekesa. Alikuwa amepata kazi ya nyumba kwenye magorofa ya Nyayo Highrise. Mwenye nyumba alimwambia aje wiki moja ya trial, na aje bila mtoto. Bahati mbaya, mama anayemshikia Nekesa mchana alikuwa ameenda matanga Busia.

Mimi nilipitia kusalimia tu. Begi langu lilikuwa mlangoni, naelekea Eldoret kwa kazi ya mjengo.

Nafula akaniangalia. "Wiki moja tu, Wafula."

Nikakubali. Kabla ya kutoka akasema jambo ambalo lilinifuata siku zote hizo: "Akilia mpaka majirani wanipigie, nitarudi. Na nikirudi, kazi imeenda."

Jumatatu nilijaribu carrier ya mabuckle, ya kubebea mtoto, ambayo Nafula alipewa na mtu. Ilikuwa kubwa, miguu ya Nekesa ikaning'inia kama soksi kwenye kamba. Akalia. Nikamlaza, akalia. Nikimpakata nikiwa nimekaa, analia. Nikisimama nitembee, ananyamaza.

Mtoto alitaka mtu wa kuzunguka. Kwa hilo tulifanana. Lakini kufika jioni mikono yangu ilikuwa imekufa.

Jumanne nikachukua leso. Mimi mizigo naijua, wakuu. Nimefunga viazi, mabati, hata sofa. Nikamweka mgongoni, nikanyoosha miguu yake ikakaa pamoja, nikazungusha leso, nikapiga fundo la mkokoteni kifuani. Nje kulikuwa na moshi na vumbi, kwa hivyo nikamfunika shali hadi juu ya kichwa. Nikatoka nikijiona fundi.

Sikufika kioski cha maji. Leso ilianza kushuka. Mwanamke ana kiuno cha kuishikilia, mimi niko straight kama mlingoti wa stima. Nekesa akateleza upande mmoja, akaanza kile kilio cha kuita watu.

Kando ya kioski kuna Mama Ochi anayeuza dagaa wa omena. Akasimama.

"Wewe! Umefunga mtoto ama gunia?"

Wanawake wa foleni ya maji wakacheka. Yeye hakucheka. Alikuja akavuta ile shali. Uso wa Nekesa ulikuwa umelowa jasho, kidevu kimebanwa kifuani.

"Pua iko wapi? Ulitaka apumue na nini?"

Akatoa simu kwenye aproni. "Namba ya Nafula ninayo. Nimpigie?"

"Mathe, tafadhali. Akirudi atapoteza kazi. Nionyeshe tu."

Simu hakuirudisha mfukoni. Aliiweka juu ya meza, kando ya omena, mahali ningeiona.

"Utafanya mwenyewe. Mimi sitakuwa na wewe njiani."

Alimshika Nekesa, akanipa pakiti mbili za unga zilizoviringishwa kwa sweta. Nikainama, nikaweka unga mgongoni, nikafunga. Ukaanguka puu.

"Huyo tumeshamzika," akasema. "Rudia."

Nilirudia mpaka hata wale wa foleni wakaanza kunipa maelekezo. Ndipo akaniwekea mtoto mwenyewe.

Unainama mgongo uwe kama meza. Mkono mmoja haumwachi mtoto hadi fundo likaze. Miguu inafunguka, inakukumbatia kama chura, magoti yakiwa juu kuliko makalio. Leso inapita chini ya mapaja, goti hadi goti, na juu inafika usawa wa mabega. Kwa vile sina kiuno, ncha moja ipite juu ya bega na nyingine chini ya kwapa, zikutane kifuani. Shavu lilale mgongoni, pua iwe wazi. Kati ya kidevu na kifua vidole viwili viingie.

Nekesa akashusha pumzi ndefu. Akanyamaza.

Mama Ochi akachukua simu yake, akairudisha kwenye aproni. "Haya, potea. Na jikoni usiende naye mgongoni."

Tangu hapo nikawa naangalia kila mama anavyofunga, hadi mmoja akaniuliza kama nimepoteza kitu mgongoni mwake.

Alhamisi nikatembea naye hadi Kawangware. Wale wenzangu wa mkokoteni waliniona kutoka mbali.

"Mama Wafula! Na maziwa unatoa wapi, buda?"

"Umeolewa wapi?"

Nikacheka nao. Nekesa alikuwa amelala, haamki kwa kelele za watu kama hao. Baadaye mmoja wao, Kim, akanivuta kando. Mke wake amejifungua juzi juzi na yeye anaogopa hata kumshika mtoto. Akauliza kwa sauti ya chini, "Wangu naweza kumweka mgongoni hivyo?"

"Bado, shingo haijakaza. Huyo ni mbele, juu, umwone uso, na kichwa chake kiwe karibu uweze kukibusu."

Akasema, "Nionyeshe." Tukatafuta unga.

Nimewaza sana kuhusu lile fundo langu la kwanza. Mzigo unafungwa usisonge, na hiyo ndiyo kazi niliyoijua miaka yote. Mtoto unamfunga asianguke, halafu unamwachia nafasi ya kupumua na kugeuza kichwa. Unaendelea kumsikiliza njia nzima.

Jumamosi Nafula alirudi akiwa bado na kitambulisho cha geti mkononi. Ameambiwa aendelee. Akamtoa Nekesa mgongoni mwangu, na pale alipokuwa pakapigwa na baridi.

Mama wa Busia amesharudi. Wa Eldoret wamenipigia mara kadhaa. Begi bado liko mlangoni, Nafula huliruka kila asubuhi akienda kazini.

Jana nilikuwa nimesimama dukani nikingojea mkate, mwenye duka akaniuliza, "We, mbona unayumba?"

Nilikuwa nabembeleza. Na mgongoni hakukuwa na mtu.

Wanaume wa humu, kuna aliyewahi kubeba? Na akina mama, kwenu mnafungaje? Nikosoeni kama kuna mahali nimekosea, maana Kim ananitegemea.