Siku Kipaza Aliponyamaza

Mtaa mzima ulimwita Kipaza, na jina likamkaa. Kazi yake ilikuwa kutangaza magodoro, mechi na viatu vya mtumba, kwa kipaza sauti alichokifunga kwenye baiskeli. Kila tangazo alilitia chumvi. "Wahini, yamebaki mawili tu!" Ukisikia hivyo, ujue stoo imejaa hadi darini. Watu walicheka, wakanunua, maisha yakaenda.

Kimbunga kilipokuwa njiani, ofisi ya maafa ikamtuma nani? Huyohuyo! "Bahari itapanda! Bebeni dawa, maji ya kunywa na vitambulisho, mpande shule ya kilimani leo hii!" Alipiga kelele tangu asubuhi mpaka koo likawaka moto. Wakamjibu kutoka madirishani, "Kipaza, zimebaki nafasi ngapi? Mbili?" Akaapa kwa Mungu, wakazidi kucheka, maana hata magodoro alikuwa akiyaapia. Mzaha mzaha hutumbua usaha, wahenga hawakukosea.

Mchana maji yakaanza kufurika kwenye mitaro ya bondeni, alikokaa mama yake, bibi wa watu asiyeweza kutembea bila mkongojo. Kipaza akaitupa baiskeli, akaingia ndani mbio. Mama alikuwa kitandani, ametulia tuli.

"Mama, twende!"

"Leo unauza nini, mwanangu?"

Jamani, neno hilo lilimchoma. Alitaka kujibu, sauti ikagoma. Akapiga magoti kwenye maji yaliyokwisha kuingia chumbani, akalia kama mtoto. Mama akamkazia macho. Hakuwahi kumwona mwanawe akilia, hata siku waliyomzika baba yake.

"Haya, nibebe," akasema.

Akambeba mgongoni, akapita katikati ya mtaa, maji magotini, kimya. Muuza mkaa alikuwa akipandisha magunia juu ya meza.

"Vipi Kipaza, hata salamu?"

Kipaza akapita tu. Muuza mkaa akamgeukia mkewe, uso umemshuka. "Kipaza kanyamaza. Mbebe mtoto, tumekwisha!"

Milango ikaanza kufunguka, huyu anamwita yule. Kipaza hakugeuka. Aliogopa asije akageuka asione mtu.

"Wanakuja," mama akamwambia sikioni.

"Wote?" akauliza kwa sauti ya kukwaruza.

Mama akatazama nyuma. Upepo ulikuwa umeanza kung'oa mabati, na kwenye madirisha kadhaa watu bado walikuwa wamesimama wakiangalia.

"Wengi," akasema. "Si wote."

Kipaza akageuka, akafungua mdomo awaite. Haikutoka hata sauti.