Programu imewaficha wanaume, mama mkwe akabaki wazi

Leo mume wangu amekaripiwa na mama yake, na mimi nimezidi kumpenda!

Yeye hujitolea kuandika programu huria ya kuficha nyuso za watu pichani. Leo aliijaribu kwenye picha ya harusi yetu, akamtumia kwanza mama yake aliyeko kisiwani Nosy Be.

Simu ikaja hapo hapo. "Weye! Wanaume wote umewaficha, mimi niliyekataa kuonekana ndiye uliyeniacha wazi? Isiende mtandaoni hiyo!"

Kumbe programu haitambui uso uliopakwa liwa ya msandali, na siku ile kina mama wote walijipaka.

Mume wangu akaapa picha haitoki mpaka airekebishe programu.

Sasa nimekaa barazani kwetu, mjini Mahajanga, liwa usoni. Ananipiga picha tele, aifunze programu yake.

Eti ni kazi. Mbona anatabasamu hivyo? Nyie mwaonaje?