Siku Wafanyabiashara Walipomkimbia Meneja Wangu

Wafanyabiashara wote wa himaya kubwa kuliko zote walifungasha mizigo wakaondoka mchana kweupe. Hakukuwa na vita wala tauni. Aliyebaki ametumbua macho ni meneja wangu.

Msicheke kwanza. Nilikuwepo.

Ofisi yetu inatengeneza mchezo wa kompyuta. Unachagua ufalme wa zamani, unaoa, unapigana, unateka majirani, karne nzima inapita kabla chai yako haijapoa.

Mchezo mtamu, isipokuwa biashara. Biashara ilikuwa kitufe kimoja tu. Unabonyeza, dhahabu inamiminika mpaka uchoke. Wachezaji walilalamika hadi wakakata tamaa na sisi.

Meneja akanipa mimi kazi ya kuirekebisha.

"Ukiiweza, mkataba wako unaendelea. Ukishindwa, tutaagana vizuri."

Muungwana kwelikweli.

Mkataba huo ndio uliokuwa roho yangu. Nilikuwa nalala kwenye kochi sebuleni kwa dada yangu, na shemeji alikuwa ameanza kuniuliza habari za kazi kila asubuhi kwa sauti ya upole kupita kiasi. Waliowahi kukaa kwa watu wanaijua sauti hiyo.

Basi nikaandika biashara upya. Kila mfanyabiashara nikampa akili yake. Anapima njia, anaulizia bei ya chumvi mji kwa mji, akikamuliwa anahama, na akihama anawaambia wenzake.

Nilimweleza Meneja yote hayo. Aliitikia "sawa, sawa" huku anachati.

Siku ya maonyesho akaja Mama Mwenye Kampuni, mama asiyecheka ovyo. Meneja akakalia kompyuta yeye mwenyewe, maana kazi yenye watazamaji hajawahi kumwachia mtu.

Akachagua himaya kubwa kuliko zote. Kisha akafanya alichozoea tangu enzi za kitufe: akapandisha kodi mpaka mwisho.

Nikakohoa. "Bosi, hiyo kodi..."

"Tulia wewe. Angalia watu wanavyocheza."

Tukaangalia.

Msafara wa kwanza ukageuka njiani. Wa pili ukaufuata. Punde misafara yote ikaupa mgongo mji mkuu, ikaelekea kwenye kijifalme kimoja cha pwani kisichokuwa hata na ngome. Chumvi ikaadimika mjini, raia wakaandamana, jeshi likadai mishahara, na mfalme wetu mtukufu akapinduliwa na binamu yake.

Meneja akasukuma kiti nyuma, akasimama.

"Hii ni hitilafu," Meneja akasema, akaninyooshea kidole mbele ya watu. "Biashara yote kaandika huyu, mwanzo mwisho. Mimi sikugusa hata mstari. Na nilimwonya!"

Nilishaona shemeji akinifungulia mlango kwa upole wake uleule.

Mama akavua miwani.

"Hitilafu gani? Umewakamua, wamekukimbia. Miaka yote nawaomba mniletee wafanyabiashara wenye akili kama hawa. Ni kazi nzuri mno. Ya nani?"

Laiti mngeuona uso wa Meneja. Ule mkono ulioninyooshea kidole ulirudi taratibu, ukatua kifuani kwake.

"Kusema kweli, Mama, wazo ni langu. Na kazi pia, kwa sehemu kubwa. Huyu alinisaidia kuandikaandika tu."

Hasira ilinijaa hadi macho yakawasha.

"Vizuri sana," Mama akasema. "Basi kipaji hiki kisipotelee kwenye vikao. Kuanzia Jumatatu umeneja nampa mtu mwingine, wewe shughulika na biashara tu. Nataka maharamia, mikopo na masoko ya msimu, vyote viandikwe na wewe. Na huyu wa kuandikaandika, si mkataba unaisha? Mwacheni aende."

Meneja akakauka. Huyu bwana hajui kuandika programu hata ya kusema hujambo. Printa tu inamtoa jasho.

"Mama, huyu... huyu asiende. Bila yeye kazi haitasogea."

"Kwa nini isisogee, na wewe ndiye uliyeifanya?"

Akanigeukia na macho ya kuomba msaada. Nami ghafla nikapendezwa sana na dari.

"Ni kazi yake," akasema hatimaye, sauti imeshuka hadi kwenye soksi. "Yote."

"Najua," Mama akajibu, akivaa miwani yake. "Ulishaniambia mwenyewe ulipodhani ni hitilafu."

Mkataba mpya nilisaini palepale. Nilipohama kwa dada, shemeji alinibebea mabegi yote hadi chini, na kusema haki, sijawahi kumwona mtu ana furaha namna ile.

Meneja bado ni meneja. Ila maonyesho siku hizi nafanya mimi.

Funzo mnalitaka? Kabla hujamtwisha mwenzako lawama yote mbele za watu, hakikisha kwanza kama ni lawama kweli. Isije ikawa ni sifa, halafu ushindwe namna ya kuirudisha.