Kanga ya Mama na Mstari Mmoja wa Ayubu

Mpaka leo nikisikia harufu ya nywele za bandia zikiungua, mate hunijaa mdomoni nikatafuta pa kutema. Harufu hiyo niliijulia nyuma ya jengo moja la ghorofa karibu na Msimbazi, ambako kanisa tulilokuwa tukisali lilipanga ukumbi. Kila Ijumaa saa kumi alasiri, waumini walishuka ngazi na vitu vya marehemu wao, wakavitupa ndani ya pipa la mafuta lililokatwa katikati. Mashati, picha, mawigi, kandambili. Mchungaji aliliita tendo hilo kukata mnyororo wa laana ya ukoo. Mimi niliona watu wazima wanachoma mama zao huku wakipiga makofi.

Baba yetu alikuwa akipakia mizigo bandarini. Alikufa kwa ugonjwa wa kifua, na mama akamfuata kabla mwaka haujaisha. Mimi nilikuwa wa kwanza kuzaliwa, nipo kidato cha pili. Niliacha shule, nikaanza kupima na kukata vitenge Kariakoo, katika duka la mzee mmoja ambaye babu zake walitoka Uarabuni. Nyuma yangu alikuwepo mdogo wangu mmoja wa kike, na nilijiapia kwamba yeye atasoma. Akasoma mpaka kidato cha nne.

Mama alituachia doti moja ya kanga. Kipande kimoja tulimzika nacho. Cha pili nilikitunza sandukuni, na mdogo wangu alipokuwa na homa nilimfunika nacho hata alipokuwa binti mkubwa.

Ulikuwa umebaki mwezi mmoja tu mdogo wangu aolewe. Jumapili moja mchungaji akaita yatima wote mbele. Akafungua kitabu cha Ayubu, sura ya nane, akasoma mstari mmoja, ule usemao kwamba waliokufa Mungu aliwatia mkononi mwa makosa yao wenyewe. Akafunga Biblia kwa kishindo.

"Wazazi wawili mwaka mmoja! Mnadhani ni malaria? Neno limesema, siyo mimi!"

"Amina!" ukumbi ukaitikia.

Akamgeukia mdogo wangu. "Binti, unaolewa. Unataka na watoto wako wakuzike wakingali wadogo, au uwazike wewe? Ijumaa leta kitu cha mama yako."

"Amina," watu wakasema tena. Na mimi nilisema. Midomo ilizoea.

Njiani mdogo wangu hakuniangalia. Tulipofika nyumbani akafungua sanduku, akaitoa ile kanga kwa ncha za vidole, kama mtu anayeokota panya.

"Dada, mama alifanya nini?"

"Hakufanya kitu."

"Basi Biblia inasema uongo?"

Niliinama kufunga sanduku. Nikisema ukweli, nilikuwa sijui kusoma Biblia. Herufi nilizijua. Lakini kwa miaka yote nilisoma kama wanawake wengi wa kanisani kwetu walivyosoma: unafumba macho, unaifungua popote, unaweka kidole, na kidole kilipoangukia ndilo neno lako la siku. Kuna asubuhi kidole kiliangukia orodha ndefu ya fulani aliyemzaa fulani, nikaenda kazini nikitangaza kwamba nitapata wajukuu wengi. Wala mume sikuwa naye.

Jumatatu dukani mkono wangu ulienda kombo. Nilikata kitenge cha mteja pungufu.

"Dada, hapo unakata nguo au unakata nyama?" mteja akang'aka.

Mzee wa duka akampa kipande kingine, kisha akanikalisha kwenye stuli. "Mwanangu, leo una nini?"

Nilimweleza yote. Hakucheka. Aliendelea kukunja vitambaa.

"Kitabu chenu sikijui, sitakisemea," alisema. "Ila sisi chuoni, tulikofundishwa Kurani, ukikatiza aya ulikula bakora. Kuna mahali ukiishia katikati utajikuta umekatazwa kuswali. Ukimaliza, kumbe anayekatazwa ni mlevi. Sasa hayo maneno ya mchungaji wenu, nani anamwambia nani?"

"Mungu anatuambia sisi."

"Umesoma, au umeambiwa?"

"Nimeambiwa, Mzee."

"Basi umenunua jora zima la kitambaa kwa kuangalia pindo."

Ilinichoma. Kesho yake nilikwenda na Biblia ya mama dukani, nikaanza Ayubu mwanzo, kidole chini ya mstari, midomo ikitembea. Nilisoma palipokosekana wateja. Sehemu nyingine nilirudia mara tatu. Mwanzoni kabisa nikakuta kwamba Ayubu alikuwa mtu mwema, Mungu mwenyewe akimsifia, na watoto wake wakafa wote. Rafiki zake wakaja matangani. Wakakaa chini pamoja naye siku saba bila neno. Hapo niliwapenda. Kisha wakafungua vinywa.

Kwenye sura ya nane sikuamini macho yangu. Aliyesema maneno yale hakuwa Mungu. Alikuwa mmoja wa hao rafiki, anamwambia baba aliyefiwa kwamba wanawe wamekufa kwa makosa yao. Hata wazazi hawakutajwa. Alhamisi jioni nikafika mwisho, na mwishoni Mungu anawakasirikia rafiki hao, anawaambia hawakusema yaliyo sawa juu yake.

Nilirudia mistari ile. Watu wa namna hiyo niliwajua. Kwenye matanga ya mama walikula wali wetu, wakaenda kunong'ona ukutani, "Wawili mwaka mmoja? Pana jambo." Na sasa mnong'ono wao ulikuwa umepewa kipaza sauti na kuitwa Neno.

Usiku ule nilijaribu kumwambia mdogo wangu. Akaziba masikio. "Wewe siyo mchungaji, dada."

Ijumaa nilimfuata. Moshi wa pipa ulikuwa mweusi na mzito, unanata kwenye ulimi. Mdogo wangu alikuwa wa tatu kwenye foleni, kanga kifuani. Nikaenda moja kwa moja kwa mchungaji.

"Shikamoo, Mchungaji. Ule mstari wa Jumapili, alisema nani?"

"Marahaba. Biblia imesema."

"Kwenye Biblia hata nyoka anasema. Nauliza, pale alisema nani?"

Mama mmoja nyuma yangu alicheka, akajizuia. Mchungaji akatabasamu kwa ajili ya watu.

"Muuza vitenge leo anafundisha maandiko! Hata shetani anayajua, mama."

"Basi nisaidie nimshinde. Soma mstari wa kwanza wa sura hiyo, hapa, kwa sauti."

Nilimpa Biblia. Hakuipokea. Alitazama pipa, akatazama saa, akasema, "Anayefuata!" Wakati huo ndipo niliona alikuwa anajua. Hakukosea kusoma. Jasho lilimtiririka shingoni hadi kwenye kola nyeupe, na nikashindwa kuendelea kumwangalia.

Mdogo wangu aliona mkono ule uliokataa kupokea. Akatoka kwenye foleni. Tukakaa kwenye ngazi, akachukua Biblia, akasoma mwenyewe, haraka kuliko mimi, sura ya nane kuanzia juu, kisha ile ya mwisho. Akaifunga, kanga ya mama mapajani.

"Na wewe ulisema Amina," akaniambia. "Jumapili. Nilikusikia."

"Nilisema."

Hakuniambia nimesamehewa, wala sikumwomba. Tulirudi nyumbani kwa miguu. Nikaifua kanga ile mara mbili, nikaianika, na harufu ya moshi haikutoka. Siku ya harusi yake mdogo wangu aliifunga hivyo hivyo, ndani ya gauni, ikinuka pipa.