Upande wa Mke

Chumba nilichopewa na msikiti wetu mdogo pale Langas kilikuwa stoo ya mikeka. Niliingiza viti vinne vya plastiki, nikaanza kazi ambayo wengi hawakuielewa: kuketi na mume na mke waliogombana, kuzungumza nao kwa lugha ya dini yao, na ikibidi, kumsindikiza mke hadi polisi. Shule niliiacha darasa la saba. Nimeuza mitumba Kitale, nimepikia madereva wa malori Malaba, nimehama miji mpaka nikachoka kuihesabu, na kila mahali nilikuwa na tabia moja ya kuudhi watu: kuuliza maswali. Kozi ya ushauri niliifanya ukubwani, nikikaa dawati moja na wasichana wa umri wa binti yangu.

Yule mwanamke alikuja na mkono kwenye plasta. Mumewe ndiye aliyeuvunja. Alikuwa amesilimu alipoolewa. Kwao ni kijiji cha Ziwa, watu wa mahindi, ng'ombe na kanisa. Kamati ya msikiti ilitaka arudi kwa mume kabla ya Ijumaa, kimya kimya. Yeye alitaka kwenda kwa mama yake. Hilo tu.

Dini yetu ina utaratibu wa mambo haya: kila upande utoe mtu wake, wakae, wasuluhishe. Mume alimleta baba yake mdogo, fundi wa malori kutoka Turbo. Kwa upande wa mke, mwenyekiti wa kamati alijiteua mwenyewe.

"Wewe ni wa upande wake kivipi, Mzee?" nikamuuliza.

"Akishasilimu, sisi ndio watu wake."

"Na alipokuwa akivunjwa mkono, watu wake mlikuwa wapi?"

"Mama, wewe una mdomo."

"Ninao. Ndio ninaofanyia kazi."

Hakucheka. Akaniambia kwamba mwanamke huyo akienda Ziwa atarudi kanisani, na dhambi hiyo itakuwa shingoni mwangu. Maneno yale yaliniuma. Mzee yule anaipenda dini kweli, na hofu yake haikuwa ya kuigiza. Lakini nilipiga simu Ziwa hata hivyo, nikamwita mama yake aje kukaa upande wake.

Mama wa mke alifika siku ya kikao akiwa na gambuti, vile viatu vya mpira vya shambani, miguuni na kitambaa cha kanisa kichwani. Kijana wa boda boda akamtania pale getini, "Shosh, umekuja kupanda mahindi msikitini?"

"Nimekuja kuvuna yangu," akajibu, akapita.

Mwenyekiti akasimama mlangoni mwa stoo. Akasema mwanamke, tena Mkristo, hawezi kuwa mwamuzi ndani ya nyumba ya Mungu.

"Hii ni stoo ya mikeka," nikasema.

"Ni stoo ya nyumba ya Mungu."

Ningeweza kubishana mpaka jioni. Badala yake nikamvuta mke kando, nikamuuliza kama atakubali tukae nje ya geti, mahali watu wanapita. Akainua ile plasta. "Si hii wameshaiona?"

Nikabeba viti viwili viwili, nikavipanga kando ya barabara, mbele ya duka la makaa. Kamati iliyotaka kimya ikabaki imeduwaa. Wa kwanza kutoka na kukaa alikuwa baba mdogo wa mume. Akamtazama mtoto wa ndugu yake aliyesimama kando.

"Ulimpiga?"

"Baba, ilikuwa hasira."

"Sijakuuliza ilikuwa nini."

"Nilimpiga."

Mama wa mke aliweka mikono magotini. "Mimi nina swali moja tu. Ukirudi naye leo, nani atajua siku utakayomgusa tena?"

Mume akamwangalia baba yake mdogo. Fundi yule akavua kofia, akaikunjakunja. "Mimi nalala Turbo, Mama. Sitajua." Kisha akasema, si kwa mtu yeyote hasa, "Basi aende kwa mama yake. Akitaka kurudi, atasema mwenyewe."

Waliondoka pamoja, mke akiwa ameshika gambuti la mama yake, maana mama alikuwa amelivua kukung'uta vumbi la makaa, na sasa alikuwa akiruka kwa mguu mmoja akicheka.

Wiki iliyofuata nilikuta stoo ina kufuli mpya. Nikaanza kusikia nikiitwa mvunja nyumba. Sawa. Kilichovunjika nilikiona kabla sijaigusa nyumba hiyo: kilikuwa kwenye plasta.

Nilienda Ziwa kumwona, nikalala huko. Alfajiri niliamshwa na kishindo mlangoni. Alikuwa mama mtu, ndoo ya kukamulia mkononi, akimwita binti yake: "Amka! Mungu wako ameshakuita, na ng'ombe wangu wamechoka kungoja." Binti akanawa kwa mkono mmoja, mama akimmiminia maji, akaswali kwenye stoo ya mahindi. Kwa mume hajarudi. Hajasema kama anataka.

Nilimweleza mwenyekiti niliyoyaona. Akasema alhamdulillahi, na akamaanisha. Ufunguo hakunipa, nami sikuuomba.

Siku hizi nakaa kwenye kibanda cha fundi cherehani. Jumamosi nina kikao kingine. Upande wa mke ni dada yake, anayeuza pombe ya busaa huko Kesses. Nimeshaambiwa huyo hafai kabisa. Nimempigia simu, nikamwambia afike mapema.